Vifaa vya Mlimani: Piga Hesabu Kabla Hujapanda



Kila mwaka, msimu wa watalii unapofika, watu wengi kutoka vijiji vya Marangu, Machame, Rombo na kwingineko huenda kubeba mizigo Mlima Kilimanjaro. Kazi hii ni upagazi, na wenyewe huitana wagumu. Ni kazi halali na inaleta fedha nyumbani. Lakini mtu akipanda bila vifaa, baridi inaweza kumrudisha mgonjwa, au isimrudishe kabisa. Katika somo la leo tutajifunza kuchagua vifaa na kupiga hesabu ya gharama zake.

1. Tuijue baridi

Wagumu wengi hawafiki kileleni. Huishia kambi ya juu, kama ile ya Kibo, iliyo kwenye meta 4,700 hivi. Mji wa Moshi uko kwenye meta 800 hivi. Kwa kawaida, ukipanda meta 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Haya, tupige hesabu:

4,700 – 800 = 3,900. Tuseme ni 4,000.
Nyuzi 6 × 4 = nyuzi 24.

Basi kama Moshi mchana kuna joto la nyuzi 30, Kibo ni nyuzi 6 tu. Na huo ni mchana! Usiku maji huganda kwenye kopo. Tena upepo na mvua huongeza baridi mwilini.

2. Kipi kinunuliwe kwanza?

Fedha ni chache, kwa hiyo tufuate mpango. Tuanze na vitu vinavyozuia maji na baridi. Urembo baadaye.

*Viatu.* Chagua buti zenye soli nene yenye meno. Zijaribu ukiwa umevaa soksi nene. Vidole vichezeshe, visiguse mbele, maana wakati wa kushuka vitagonga na kucha zitang'oka. Kama ni za mitumba, kunja soli na ubonyeze kwa kidole gumba. Soli ikipasuka au kumeguka, ziache hata kama bei ni nzuri. Zivae shambani wiki mbili kabla ya safari ili miguu izoee.

*Koti la mvua.* Usiamini maneno ya muuzaji. Mwombe umwage maji kidogo juu ya mkono wa koti, ungoje dakika chache, kisha upapase ndani. Je, pamelowa? Koti hilo halifai.

*Nguo za ndani na sweta.* Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki upesi, nayo hunyonya joto la mwili. Sufu ni bora, kwa sababu hata ikilowa hubakiza joto. Nguo mbili tatu nyembamba zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda nguo moja nene. Usisahau kofia ya sufu na glavu.

*Mfuko wa kulalia.* Fungua na kufunga zipu yake. Uinue kwenye mwanga: palipo peupe pamepungua pamba. Mfuko wa manyoya ya ndege ni mwepesi, lakini ukilowa haufai kitu. Chini tandika godoro jembamba la sponji, maana baridi ya ardhini hupanda.

Nguo kavu za kulalia zifunge ndani ya nailoni ngumu au kipande cha turubai. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, hivyo usiitegemee.

3. Kununua au kukodi?

Bei hizi ni za mfano tu. Wewe andika bei za soko lako.

Buti: Sh. 35,000
Koti la mvua: Sh. 20,000
Sweta: Sh. 10,000
Soksi jozi 3: Sh. 9,000
Kofia na glavu: Sh. 8,000
Tochi: Sh. 10,000
Mfuko wa kulalia: Sh. 60,000
Jumla: Sh. 152,000

Sasa je, kama huna fedha zote hizo? Tuseme kukodi mfuko wa kulalia ni Sh. 12,000 kwa safari moja. 60,000 ÷ 12,000 = 5. Maana yake, ukienda safari 5 umelipa bei ya mfuko mzima, na bado si wako. Anayekwenda mara moja akodi. Anayefanya kazi msimu mzima anunue.

Iko pia njia ya tatu. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project, lililoko Moshi, huazimisha wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Kuazima si aibu. Aibu ni kutetemeka usiku kucha kwa kuona haya.

4. Soma mizani mwenyewe

Mzigo wa mgumu usizidi kilo 20, mbali na vitu vyake binafsi. Mizigo hupimwa getini. Simama karibu, soma namba, uiandike. Andika pia siku za kazi na malipo mliyopatana. Kalamu na daftari ni vyepesi, na vyenyewe ni vifaa vya kazi.

5. Dalili za hatari

Mwenzako akitetemeka sana, akapepesuka, au maneno yakamkwama, baridi imemwingia. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mwingizeni kwenye mfuko wa kulalia, na mwarifuni kiongozi mara moja. Kichwa kikiuma sana na kutapika kusipokoma, dawa ya kweli ni kushuka. Msingoje asubuhi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini fulana ya pamba haifai mlimani?
2. Koti la mvua hujaribiwaje?
3. Kukodi buti ni Sh. 7,000 kwa safari, na kununua ni Sh. 35,000. Baada ya safari ngapi utakuwa umelipa bei ya kununua?
4. Mzani unaonyesha mzigo wa kilo 27. Umezidi kwa kilo ngapi? Utamwambia nini kiongozi wako?

Jibuni katika kikundi, na asiyejua kusoma asomewe. Huenda ni yeye anayepanda kesho.