Kutoka Mombasa hadi Lamu, tusimame wapi?

Swali: Mwezi wa nane nawapeleka wanangu Lamu kwa gari kutoka Mombasa. Njiani tule wapi, na tuone nini?

Jibu: Ondokeni alfajiri, kwa sababu kipande cha Garsen hadi Mokowe si cha kupita usiku. Staftahi ni Malindi, mahamri kwa mbaazi za nazi. Magofu ya Gede mtayapita kabla ya hapo, lakini yawekeni siku ya kurudi. Watoto wakishaingia mle hawatoki upesi.

Jazeni mafuta Malindi, maana mbele vituo ni haba. Chakula cha mchana kiwe Garsen: ulizieni kambare wa mtoni kwa wali. Mkishashiba, shikeni njia ya Lamu. Maeneo ya Idsowe endesheni polepole muutazame Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, na mashamba ya Wapokomo. Agosti maji huwa yamepungua. Masika na vuli ndipo mafuriko hukata barabara. Witu ni ya kupita tu, ingawa karne ya 19 ilikuwa na sultani wake. Gari mtaliacha Mokowe, mvuke kwa boti.