Yule Aliyeshushwa Mgongoni



Hakuna parokia isiyomjua mtoto huyu. Padre yu katikati ya mahubiri, watu wametulia, mara mtoto wa miaka miwili ajiponyoa mikononi mwa mama yake, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kilipo, ashika njia ya altare kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mama ainuka kumfuata, naye ana mtoto mchanga kifuani. Uso wake umejaa haya. Wazee wageuka kumtazama. Na baba? Baba yu karibu na mlango pamoja na wanaume wenzake, naye atazama kama watazamavyo wengine, kana kwamba mtoto yule ni wa jirani.

Sisi tusimamao mbele twayaona hayo yote, na mara nyingine nasi tumekunja uso. Twakiri kosa hilo. Mitume nao waliwakemea watu waliomletea Bwana watoto wao, na katika Injili ya Marko, sura ya 10, twasoma kwamba Bwana aliudhika siku ile. Lakini waliomwudhi hawakuwa watoto. Papa Fransisko naye, alipowabatiza watoto wachanga katika kikanisa cha Sistina mwezi Januari 2014, aliwaambia akina mama wasisite kuwanyonyesha papo hapo wale waliokuwa wakilia kwa njaa.

Leo basi twapenda kusema juu ya mtoto wa umri huo, tangu asimamapo dede mpaka akaribiapo miaka minne. Juu ya mtoto mchanga husemwa mengi, na juu ya mtoto wa shule husemwa mengi zaidi. Huyu wa katikati husahauliwa, na kusahauliwa kwake kumeleta hasara katika nyumba nyingi. Sisi hatuna watoto wa kutuamsha usiku. Kwa hiyo haya twayasema kwa unyenyekevu, tukijua kwamba wazazi wametufundisha mengi kuliko tuliyowafundisha.

Furaha yake

Tuanze na furaha, maana wazazi waliochoka huisahau. Mtoto wa mwaka mmoja ana maneno mawili matatu tu. Afikapo miaka miwili aweza kuyaunganisha, na nyumba nzima hujua kwamba ataka maji au kwamba baba amekwenda. Kila mnyama kwake ni mbwa, hata ng'ombe. Hushika ufagio uliomzidi kimo akafagia takataka alizozimwaga mwenyewe. Hutwanga pasipo kinu. Wakati wa sala ya jioni hufanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, akaianzia sikioni, akaitikia amina kabla ya wakati wake na kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mambo haya twayacheka, nayo yastahili kuchekwa. Lakini tuyatazame vema: mtoto huyu hafundishwi kwa maneno, yeye aiga. Asikiapo baba akimwambia mama asante, neno hilo amelipata. Asikiapo matusi, amelipata hilo pia, naye atalileta hadharani siku ya wageni.

Na kuna furaha moja ambayo tajiri hawezi kuinunua. Baba arudipo jioni kutoka shambani au kazini, awe amepata au amekosa, yuko mtu mmoja duniani ambaye humkimbilia akiwa amefungua mikono yote miwili. Miaka hiyo si mingi. Yakipita hairudi.

Neno "sitaki"

Pamoja na furaha huja taabu. Siku moja mtoto hujifunza neno "sitaki", akalipenda kupita maneno yote. Avikwapo shati, hataki. Livuliwapo, alia kwa kuwa limevuliwa. Sokoni hujitupa chini akagaragara mavumbini, na mama hutamani ardhi ifunguke immeze.

Wako wasemao kwamba mtoto wa namna hiyo ana jeuri, na wengine huenda mbali zaidi wakataja pepo. Sivyo. Mtoto amegundua kwamba yeye ni mtu mbali na mama yake, ana nia yake mwenyewe. Lakini nia imekuja kabla ya maneno, na hasira imekuja kabla ya nguvu ya kuitawala. Nguvu hiyo hukua polepole mwaka hata mwaka, wala haijakamilika hata kwa kijana aliyekwisha ota ndevu. Tena mara nyingi chanzo ni kidogo sana: ana njaa, au ana usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya mwaka 2019, lasema kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 katika siku, pamoja na ule wa mchana. Mtoto aliyezungushwa sokoni tangu asubuhi hana deni la adabu. Sisi ndio tuna deni lake la usingizi.

Wazee wetu wamesema: samaki mkunje angali mbichi, na tena: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hizo ni za kweli. Ila kukunja si kuvunja, na kutomchelea mwana kulia si kumliza kwa fimbo. Mtoto wa miaka miwili akipigwa kwa sababu amelia, hajifunzi kunyamaza. Ajifunza kwamba mwenye nguvu hupiga, naye atampiga mdogo wake kesho. Yafaa makatazo yawe machache, nayo yasibadilike: moto, maji, barabara. Akililia kisu, asipewe leo kwa kuwa tumechoka na kunyimwa kesho kwa kuwa tuna nguvu. Ashikwe kwa upole mpaka tufani ipite, kisha abembelezwe. Lakini kisu kibaki juu.

Na mengi yaweza kuzuiwa pasipo neno lolote. Chai ya moto isiwekwe ukingoni mwa meza. Ndoo ya maji ifunikwe, na kisima vilevile. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, maana mtoto huijua chupa ile kuwa ni ya kinywaji kitamu.

Tuongeze neno moja juu ya simu, ambayo siku hizi imekuwa yaya wa wengi. Maelekezo yaleyale ya 2019 hayashauri mtoto wa mwaka mmoja akae mbele ya picha za simu au televisheni, na kwa mwenye miaka miwili hadi minne yasema isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Simu humnyamazisha mtoto, ni kweli. Lakini haimjibu aulizapo.

Siku ya kushushwa

Sasa twafikia jambo lililotufanya tuandike. Mtoto huyu amezoea mgongo wa mama, ziwa la mama na kitanda cha mama. Siku moja aamka, akamkuta mtu mwingine mahali pake. Watu waja na zawadi, washangilia, wala hakuna amtazamaye yeye. Aambiwa kwamba sasa ni mkubwa, ilhali jana alikuwa mdogo. Akilia, aitwa mwenye wivu. Akikojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, achekwa. Kumbe ameondolewa katika ufalme wake wote kwa siku moja, na hakuna aliyempa sababu anayoweza kuielewa.

Huzuni hiyo huponyeka upesi ikiwa yuko wa kumshika. Lakini lipo jambo baya zaidi. Daktari mwanamke Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika mwaka 1933 juu ya watoto waliokuwa wakivimba miguu, nywele zikigeuka rangi na ngozi ikibambuka. Mwaka 1935 alilipeleka kwa madaktari wa dunia jina walilolitumia wenyeji wa pale kwa lugha yao ya Kiga: kwashiorkor, ambao kwetu wengi huuita kwashakoo. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondoshwa mahali pake mdogo wake azaliwapo. Wanawake wa pale walikuwa wameona kwa macho yao yale ambayo vitabu vya madaktari havikuwa navyo.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto wa namna hii adhoofikapo, majirani hunong'ona kwamba amebemendwa. Yaani wazazi hawakujizuia, au mmoja wao amekosa uaminifu. Mama asikiapo hayo huona haya. Humficha mtoto ndani, hutafuta mizizi kwa siri, na afikapo hospitali siku nyingi zimekwisha pita. Yatupasa tuseme wazi: uaminifu wa ndoa ni amri ya Mungu, lakini mtoto hadhoofiki kwa dhambi ya mzazi wake. Hudhoofika kwa chakula kisichofaa na kwa maradhi kama kuhara, surua na malaria. Anong'onaye mlangoni pa mama huyo amchelewesha mtoto asipate dawa, na kuchelewa huko huua.

Basi wazazi wazijue dalili. Mtoto akivimba miguu yote miwili, akawa mnyonge, hataki kucheza wala kula, apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Huko mkono wake wa juu utapimwa kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko ulio chini ya sentimita 11.5 waonyesha utapiamlo mkali.

Na kabla ya kufika huko, tumlishe. Tangu miezi sita mtoto apewe vyakula vingine pamoja na ziwa, na ziwa liendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Mama ashikapo mimba, maziwa yake hayageuki sumu kama wengi wanavyodhani. Mimba ikiwa nzuri, kwa kawaida aweza kuendelea kunyonyesha, naye amwulize mkunga. Uji mtupu wa mahindi hujaza tumbo usijenge mwili. Utiwe karanga zilizosagwa, maziwa au unga wa dagaa. Maharage yapondwe, na mboga za majani, yai na papai visiwe vya wakubwa tu. Tena mtoto huyu awe na bakuli lake mwenyewe. Katika sinia moja na kaka zake hawezi mashindano; wao humaliza akiwa bado apuliza tonge la kwanza.

Wataalamu wa afya hushauri ipite walau miezi 24 tangu mtoto azaliwe hata mama ashike mimba nyingine. Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, alikubali kwamba wazazi wenye sababu za haki waweza kuweka nafasi kati ya watoto kwa kufuata vipindi vya maumbile ya mwanamke. Njia hiyo yahitaji kujizuia kwa watu wawili. Mume anayemwachia mke peke yake jambo hilo, kisha akamlaumu, hakumtendea haki.

Mkono mmoja haulei mwana

Hapa ndipo tunapowageukia ninyi, akina baba. Zamani mtoto aliyeshushwa mgongoni alipokelewa na bibi. Alilala naye, alikula naye, alisimuliwa hadithi, na baada ya mwezi mmoja akawa amesahau msiba wake. Siku hizi familia nyingi hukaa mjini katika chumba cha kupanga. Bibi yu mbali, shangazi yu kazini. Mama ana mchanga kifuani, mwingine amemshika nguo, na jiko lachemka. Pengine ameletwa binti wa kazi ambaye mwenyewe angali mtoto wa kulelewa. Nani basi atakuwa mgongo wa yule aliyeshushwa?

Ni wewe, baba. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa pili ni wako. Hakuna mila ivunjikayo ukimwogesha mwanao. Hakuna heshima ipunguayo ukionekana njiani umembeba begani. Mketishe karibu nawe wakati wa chakula, uone amekula nini. Mpe nusu saa ya jioni kabla hujatoka kwenda kwa rafiki. Alaliapo usiku, si kila mara aamke mama. Mtakatifu Yosefu hakuandikiwa katika Injili hata neno moja alilolisema; lakini imeandikwa kwamba aliamka usiku kwa ajili ya mtoto.

Nasi wengine tusikae tukitazama. Mzee aliyeketi nyuma ya mama yule kanisani aweza kumpokea mchanga kwa dakika tano. Jirani aweza kumwalika mkubwa aje kucheza uani kwake. Na sisi mapadre twaweza kungoja kidogo katikati ya mahubiri, kisha tukaendelea. Neno la Mungu halikatiki kwa sababu mtoto amepita.

Jumapili ijayo mtoto yule atatoroka tena. Hilo twalijua kwa hakika. Twamwomba baba aliye karibu na mlango asiwe wa mwisho kuinuka. Aende, ambebe, amrudishe mahali pake, na mahali pake pawe kifuani mwa baba. Mama akiketi akapumua, mchanga akanyonya kwa amani, na huyu wa katikati akalala begani kwa baba yake, basi nyumba hiyo imeanza kazi yake vizuri.