Ufunguo Mmoja, Mikono Mingi: Somo juu ya Amana ya Kushika Chujio la Intaneti

 

Waislamu wengi leo, waingizapo intaneti majumbani au vyuoni mwao, huweka chujio la kuzuia tovuti chafu. Jambo hili ni jema, wala hatuna neno nalo, kwani kumhifadhi mtoto ni wajibu wa mlezi. Lakini liko swali moja ambalo wachache hujiuliza: ni nani atakayeshika ufunguo wa chujio hilo, na aruhusiwe kufanya nini nao? Sisi wenyewe hatukujiuliza, mpaka tulipofikwa.

YALIYOTUFIKA

Hapa petu Kisegi, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, darsa yetu ilifungua akaunti moja ya chujio kwa ajili ya chuo na kwa simu za wanafunzi wakubwa. Neno la siri likaandikwa katika karatasi, na karatasi ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati la vitabu. Mwalimu alilijua, katibu alilijua, mweka hazina alilijua, na kila kijana aliyetumwa kuchukua kitabu alilijua pia. Hatukuona ubaya, tulisema, sisi ni ndugu.

Haukupita muda, mtu tusiyemjua akaingia katika akaunti ile na kusoma daftari la tovuti zilizotafutwa. Humo akaona kwamba simu ya kijana mmoja imetafuta mara nyingi khabari za maradhi fulani na dawa zake. Khabari ikatoka kabatini ikafika sokoni, na ikamfikia mama yake kabla kijana mwenyewe hajawa tayari kumwambia. Kijana hakuja tena darsani. Tulipotaka kujua ni nani aliyeitoa siri ile, akaunti ilituonyesha jina moja tu, jina la chuo, kwa kuwa wote tuliingia kwa neno moja. Penye ufunguo mmoja wa watu wote, hapana wa kuulizwa.

CHUJIO HUFANYAJE KAZI?

Kila tovuti ina jina, na nyuma ya jina ina namba. Simu yako ikitaka kufungua tovuti, kwanza huuliza namba yake katika daftari kuu la majina, ambalo utaratibu wake ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Chujio husimama hapo penye kuuliza. Jina likiwa jema, hutoa namba. Likiwa katika orodha ya maovu, hukataa.

Machujio haya ni ya namna mbili. Namna ya kwanza haina akaunti. Mfano wake ni ile huduma ya bure ya Cloudflare iliyotolewa Aprili 2020, ambayo mtu huandika tu namba 1.1.1.3 katika mipango ya kifaa chake, na tovuti za uchafu zikazuiwa. Namna ya pili ina akaunti, kama vile OpenDNS, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kununuliwa na kampuni ya Cisco mwaka 2015, au NextDNS. Katika hizi mwenye akaunti huchagua la kuzuia na la kuachia, na aweza kusoma daftari la majina yaliyoulizwa. Kweli, daftari hilo halionyeshi maneno yaliyosomwa ndani ya tovuti. Huonyesha jina la mlango tu. Lakini kwa kijana wetu, jina la mlango lilitosha.

DINI YATUFUNZA NINI?

Kwanza, dini yetu imeweka idhini kwa daraja. Katika Suratun Nur, aya ya 27, mgeni amekatazwa kuingia nyumba isiyo yake mpaka aombe idhini na kutoa salamu. Kisha katika aya ya 58, hata watoto na watumishi wa ndani wameamrishwa kubisha hodi katika nyakati tatu: kabla ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Tazama basi: mtu wa nyumbani anayo ruhusa ya kuingia, lakini si kila chumba wala si kila saa.

Pili, Suratul Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana. Kusoma tovuti alizofungua mtu mzima, bila ya sababu wala yeye kujua, twaona kwamba kumo katika upelelezi huo, ijapokuwa kwafanywa kwa jina la kulinda dini.

Tatu ni amana. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimrudishia Uthman bin Talha ufunguo wa Al-Kaaba, na mpaka leo ufunguo huo umo katika ukoo wao. Nyumba si yao. Ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini mshika ufunguo ajulikana, na likitokea jambo ataulizwa yeye.

NAMNA YA KUGAWA IDHINI

Wavuvi wetu walijua jambo hili kabla yetu. Mwenye mashua si lazima awe nahodha. Nahodha haiuzi mashua. Na anayehesabu samaki ufukweni haamui wavu utupwe wapi. Kila mtu ana kazi yake, na kadiri ya kazi ndiyo kadiri ya mamlaka. Wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliliandika jambo hilo hilo mwaka 1975 kwa upande wa kompyuta: kila mtumiaji apewe uwezo unaomtosha kwa kazi yake, wala asizidishiwe.

Huduma kubwa za kuchuja zimejengwa juu ya msingi huo. Katika Cisco Umbrella, itumiwayo na mashirika na shule kubwa, zimo daraja nne: msimamizi kamili, ambaye hubadili kila kitu, mtazamaji, ambaye huona mipango bila ya kuigusa, msoma ripoti tu, na yule awezaye kumpitisha mtu katika tovuti iliyozuiwa. Huyu wa mwisho ana faida kubwa, kwani chujio hukosea, na pengine huzuia hata tovuti za afya. Aliyezuiliwa kwa makosa ajue ni nani wa kumwendea.

Basi sisi tumejifunga kwa mambo haya matano, nanyi twawausia:

1. Kila msimamizi aingie kwa jina lake na neno lake la siri, pamoja na uthibitisho wa pili katika simu yake. Neno la siri lisiazimwe, wala lisibandikwe kabatini.

2. Kila mtu apewe daraja ndogo kabisa inayomtosha. Mweka hazina alipaye ada hana haja ya kusoma daftari.

3. Wasimamizi kamili wawe wawili, na barua pepe ya akaunti iwe ya chuo, si ya mtu. Mmoja akisafiri au akifariki, chuo kisifungiwe nje ya mlango wake.

4. Anayeacha kazi aondolewe siku ile ile. Huko si kumvunjia heshima. Ni kumpumzisha na lawama.

5. Daftari lifungwe, au lihifadhiwe kwa muda mfupi. NextDNS, kwa mfano, humwachia mwenye akaunti azime daftari kabisa, au achague muda kuanzia saa moja hadi miaka miwili. Na wanaochujwa waambiwe kwamba wanachujwa, na ni nini kinachoandikwa.

Hili la mwisho ni la sheria ya nchi pia. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto.

JAWABU KWA WANAOPINGA

Wako watakaosema: "Sisi tunaaminiana, haya madaraja ni ya watu wasio na imani." Twawajibu kwa Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani. Humo waumini wameamrishwa waandike deni na waweke mashahidi. Hawakuambiwa hivyo kwa kuwa ni wezi, bali ili shaka isiingie baina yao. Idhini iliyoandikwa humlinda mwaminifu kabla ya kumzuia mkhaini. Lau kila mmoja wetu angaliingia kwa jina lake, tisa wasio na hatia wasingalitazamwa kwa jicho la mashaka mpaka leo.

Na wako wazazi watakaouliza: je, nisimwangalie mwanangu? Mwangalie, kwani wewe ni mchunga na utaulizwa juu ya mchungwa wako. Lakini mwambie kwamba wamwangalia, na kadiri akuavyo mpunguzie macho na mzidishie mazungumzo. Chujio halimlei mtoto.

Ama kijana wetu, tulikwenda kwao, wazee watatu, tukamtaka radhi mbele ya mama yake. Alitupokea kwa adabu, akatupa chai. Darsani bado hajarudi. Karatasi ya kabatini tumeichana. Nafasi yake ya kukaa tumemwekea.

Wabillahi tawfiq.