Somo la 12: Kutafuta Namba Iliyofichika

Umeuza magunia 3 ya mahindi yenye uzito sawa. Bei ni shilingi 500 kwa kilo. Mnunuzi amekata shilingi 9,000 za usafiri, akakupa shilingi 126,000. Je, amehesabu kilo ngapi kwa kila gunia?

Namba hiyo hatuijui. Tuiite k. Sasa andika habari yote kwa tarakimu:

3 × 500 × k − 9,000 = 126,000

Huu ni mlinganyo. Ni kama mizani: pande mbili lazima ziwe sawa. Ukiongeza upande mmoja, ongeza na wa pili. Ongeza 9,000 kila upande:

1,500 × k = 135,000

Gawanya kila upande kwa 1,500:

k = 90

Hakikisha: 1,500 × 90 = 135,000. Toa 9,000, zinabaki 126,000. Jibu ni sahihi.

Ikiwa wewe ulipima kilo 100 kila gunia, basi kilo 30 zimepotea. Hizo ni shilingi 15,000. Mwulize mnunuzi kabla gari halijaondoka. Usigombane naye, mwonyeshe hesabu. Lakini ukiuza lumbesa bila mizani, hesabu hii haitakusaidia, kwa maana kilo hazikupimwa.

Zoezi

Unataka ubaki na shilingi zisizopungua 180,000. Bei na usafiri ni vile vile. Alama ≥ maana yake ni "sawa na, au zaidi ya".

500 × k − 9,000 ≥ 180,000

1. Uuze angalau kilo ngapi?
2. Je, magunia 3 ya kilo 100 yatatosha?

(Majibu: 1. Kilo 378. 2. Hayatoshi.)