Bima Inapokataa Kulipia Dawa: Wajibu wa Mgonjwa na Wajibu wa Jumuiya

Masomo: Mk 2:1-12, Mk 5:25-34, Lk 10:25-37



Wapendwa mafrateri na waamini, katika jumuiya zetu za Tukuyu na Rungwe yote mgonjwa wa namna hii si mgeni: daktari amemwandikia dawa ya saratani, ya figo au ya moyo, dirishani ameambiwa bima haiilipii, nyumbani wameanza kuhesabu ng'ombe, shamba la chai na ada ya mtoto. Ndipo padre au katekista anapoulizwa: Je, ni dhambi kuacha dawa nisiyoweza kuinunua? Je, wanangu wanalazimika kuuza shamba? Somo hili linajibu maswali hayo, na kuongeza lile ambalo mgonjwa huona haya kuuliza: sisi wengine tunadaiwa nini?

1. Neno la Mungu

Marko anatuambia kwamba mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga. Mwinjili hakuificha habari ya fedha, kwa maana umaskini unaoletwa na ugonjwa ni sehemu ya mateso yenyewe. Yule mwenye kupooza alibebwa na watu wanne. Mlango ulipozibwa na umati, walipanda darini, na Yesu akaiona imani yao. Naye Msamaria alilipa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Alijua kwamba matibabu hayaishi kwa siku moja.

2. Mafundisho ya Kanisa

Uhai ni zawadi ya Mungu nasi tunapaswa kuutunza. Jamii nayo inapaswa kusaidia (KKK 2288). Mwaka 1957 Papa Pius XII alieleza kwamba kwa kawaida tunalazimika kutumia njia za kawaida tu, kadiri ya hali ya mtu, mahali na wakati. Mwaka 1980 Idara ya Mafundisho ya Imani ilieleza kwamba mgonjwa anaweza kukataa tiba isiyolingana na matumaini yake, au kwa kutotaka kuielemea familia kwa gharama kubwa mno. Huko si kujiua (taz. KKK 2278). Chakula, maji, kutulizwa maumivu na sakramenti haviachwi.

Basi mgonjwa asiyeweza kununua dawa asibebeshwe hatia. Lakini tuangalie: mafundisho haya humfungua mgonjwa, hayamfungui jirani. Tuseme dawa ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa kaya moja ya mkulima huo ni mzigo usiobebeka. Kwa kigango chenye jumuiya 10 ni shilingi 20,000 kila jumuiya. Na jumuiya ikiwa na kaya 20, ni shilingi 1,000 kila kaya. Njia iliyokuwa nzito mno kwa mmoja inaweza kuwa ya kawaida kwa wengi. Kwa hiyo tusiseme haraka, "Ni mapenzi ya Mungu," kabla hatujaweka mabega yetu chini ya machela.

3. Kabla ya kuuza shamba

*Uliza sababu.* NHIF hulipa kwa kufuata kitita chake cha mafao. Dawa inaweza kukataliwa kwa kuwa haimo, au inahitaji kibali, au hailipiwi katika ngazi ya kituo hicho. Ikiwa shida ni ngazi, rufaa kutoka Makandana au Igogwe kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya yaweza kufungua njia.

*Rudi kwa daktari.* Mwulize kama ipo dawa nyingine ifaayo iliyomo kwenye kitita. Usiache wala kupunguza dozi kimyakimya.

*Nenda ustawi wa jamii.* Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatambua msamaha wa malipo katika vituo vya umma kwa makundi maalumu, wakiwemo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Chukua barua ya mtendaji wa kijiji, umwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Dawa za kifua kikuu na za VVU hutolewa bure.

*Usiende peke yako.* Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa mvutano juu ya kitita kipya; hata mwenye kadi alihitaji mtu wa kumsaidia kutafuta kwingine. Jumuiya iteue wawili wa kumsindikiza mgonjwa, kushika karatasi zake na kumsemea.

4. Kwa mafrateri

Mtakapotumwa parokiani, ulizeni kama kuna mfuko wa wagonjwa, wenye daftari na wasimamizi wasiopungua wawili. Michango itangazwe, ugonjwa wa mtu usitangazwe bila ruhusa yake. Msimwambie mgonjwa aache dawa ili asali: Yoshua bin Sira (38:1-15) anaweka sala na tabibu pamoja. Mpako wa Wagonjwa usisubiri pumzi ya mwisho.

Maswali ya kushirikishana

1. Ni nani katika jumuiya yetu ameacha dawa kwa kukosa fedha, nasi hatujamtembelea?
2. Kila kaya inaweza kutoa nini kila mwezi bila kuumia, hata msimu ambao chai na ndizi hazina bei?
3. Nani wawili watakuwa wasindikizaji wetu?

Tuombe: Ee Bwana, uliyeiona imani ya wale wanne, utupe macho ya kumwona mgonjwa wetu na mikono ya kumbeba hadi kwako. Amina.