Tiba ya Kisaikolojia Baada ya Uzito Kupungua

Uzito uliopungua hurudi kwa sababu mwili wenyewe huutaka urudi. Mafuta yakipungua, leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo, hushuka, na ghrelini, inayoamsha njaa, hupanda. Utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta hali hiyo ingali ipo mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Kumwambia aliyenenepa tena kwamba hana nia ni kumwonea. Njaa yake ni ya kweli, na imemkuta wakati pongezi zimekwisha.

Tiba ya kisaikolojia haiondoi njaa hiyo. Humzoesha mtu kuishi nayo, na kuchukua hatua uzito ulioongezeka ungali mdogo. Mfano mzuri ni jaribio la Rena Wing na wenzake katika jimbo la Rhode Island, Marekani, lililochapishwa mwaka 2006. Watu 314 waliopunguza wastani wa kilo 19 ndani ya miaka miwili waligawanywa makundi matatu: wa kukutana na wataalamu ana kwa ana, wa intaneti, na wa kutumiwa jarida tu. Makundi mawili ya kwanza yalihimizwa kupanda mizani kila siku na kuusoma uzito kwa rangi. Aliyebaki karibu na uzito wa kuanzia alikuwa kwenye kijani, na alipata zawadi ndogo. Njano ilimtaka atafute kilichobadilika. Aliyeongeza kilo 2.3 au zaidi alikuwa kwenye nyekundu, akaanza tena kupunguza huku akisaidiwa na mshauri. Baada ya miezi 18, asilimia 72 ya kundi la jarida walikuwa wameongeza kiasi hicho. Katika kundi la ana kwa ana, asilimia 46.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye mawazo. Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyewachunguza walevi waliojaribu kuacha pombe, alieleza jinsi kosa moja linavyozaa anguko zima kupitia namna mtu anavyolitafsiri. Ndivyo ilivyo kwa chakula pia: anayekula chapati tatu akasema “nimeshaharibu, acha nile tu” hunenepeshwa zaidi na sentensi hiyo kuliko chapati zenyewe. Kwa hiyo mteja huandika, mara tu baada ya kula nje ya mpango, alikuwa wapi, alihisi nini na alijiambia nini. Baada ya wiki kadhaa sura hujitokeza: pengine si njaa, ni uchovu wa jioni, ugomvi wa nyumbani, au shangazi anayeona sahani isiyojazwa kama dharau. Kila hali hupangiwa jibu mapema, hata maneno ya kumwambia shangazi, nayo hufanyiwa mazoezi kwa sauti mbele ya mshauri.

Tiba ikikatishwa, faida huyeyuka. Jaribio la Oxford lililochapishwa mwaka 2010, lililohusisha wanawake 150, lililenga hasa kuzuia uzito usirudi, lakini tiba ilipokwisha, ndani ya miaka mitatu wengi walirudisha karibu uzito wote waliokuwa wamepunguza. Mapema zaidi, mwaka 1988, Michael Perri na wenzake walionyesha kuwa walioendelea kukutana na mtaalamu kila wiki mbili walihifadhi mafanikio yao zaidi kuliko walioachwa. Vikao vipunguzwe taratibu, visikomeshwe; vya kikundi hupunguza gharama.

Mwenye historia ya kula kwa pupa na kujitapisha asianze na mizani ya kila siku. Tatizo hilo hutibiwa kwanza.