Roboti na Habari ya Kilio: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Kasumbalesa

Kongo imeshazoea kuamriwa na roboti. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi alisimamisha Kinshasa roboti za kuongoza magari, na mwaka 2015 zikaongezwa nyingine, zikapewa na majina: Tamuke, Mwaluke, Kisanga. Zilikuwa za alumini, urefu wa mita mbili na nusu hivi, zilitumia umeme wa jua, ziliinua mkono gari lisimame na ziliwaambia waenda kwa miguu wavuke. Lubumbashi nayo ilipata ya kwake. Madereva wengine walikiri kwamba wanaiheshimu roboti kuliko polisi. Roboti haiombi kitu.

Lakini mashine zinafundishwa kusema zaidi ya "simama" na "vuka". Mei 2020 Rwanda iliweka roboti, miongoni mwao Akazuba, Ikizere na Ngabo, ziwasaidie wahudumu wa wagonjwa wa Covid-19 kupima joto na kupeleka ujumbe. Siku moja zitafika Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia ambao shaba na kobalti ya Katanga hupitia, kobalti ileile inayoingia kwenye betri. Hapa dereva aliyetoka Dar es Salaam hukwama kwenye foleni ya malori, mbali na kwao, na habari mbaya humkuta hapohapo. Mwenye kampuni ataona ni rahisi mashine imwambie. Amri hizi ni za mashine hiyo na za bwana wake. Hazijadiliwi.

Tenganisha habari ya mali na habari ya damu. Agosti 2024 Zambia ilipofunga mipaka yake na Kongo, huu ukiwemo, kwa sababu ya ugomvi wa biashara, habari hiyo ingeweza kutangazwa na spika juu ya mlingoti bila kumkosea mtu heshima. Ushuru uliopanda, karatasi zilizokataliwa, lori lililozuiwa: tangaza, mradi useme sababu, useme taarifa nyingine itatoka saa ngapi, na mwenye mzigo wa kuoza amwone nani. Kifo, ajali, jibu baya la maabara: hizo si zako. Hapo kazi yako ni kumtafuta mtu wa kuzisema.

Usiitangulie familia. Habari ya kifo ina njia yake. Humfikia kwanza mkubwa wa ukoo, mjomba au baba mkubwa, na yeye ndiye anayeamua nani aambiwe lini, na nani akae karibu na mama wakati anaambiwa. Ujumbe ukimfikia mjane kabla ya mjomba, lawama zitadumu kuliko matanga. WhatsApp imeshatuharibia vya kutosha katika hili.

Usimwambie mtu aliyeshika usukani. Muulize yuko wapi. Mwambie aegeshe, azime injini. Mtafute utingo wake, au dereva mwenzake aliye nyuma kwenye foleni, au mtu yeyote wa kwao, awe amefika kabla neno halijatamkwa. Kama ni usiku na yuko peke yake ndani ya lori, ngoja kuche. Marehemu hana haraka.

Usidanganye, wala usikurupuke. Hapa ndipo mashine itakaposhindwa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kwetu, aliyefiwa akiwa mbali huambiwa, "Mzee hali yake si nzuri, njoo." Anapanda basi. Njiani anapigiwa tena: amezidiwa. Akikaribia nyumbani anaona viti vimepangwa nje na akina mama wameketi chini, na hakuna haja ya kumwambia tena. Mtengeneza programu atauita huo uongo na kuufuta. Atakuwa hajaelewa. Kila aliyekulia hapa, akisikia "njoo" kwa sauti ile, anaanza kujua. Anachopewa ni muda wa kujua kidogo kidogo. Madaktari nao walifika karibu na hapo kwa njia yao: mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha hatua sita za kumpa mgonjwa wa saratani habari mbaya. Andaa mahali. Muulize anajua nini. Muulize anataka kujua kiasi gani. Ndipo useme, kisha upokee uchungu wake, kisha mpange la kufanya. Neno lenyewe limengoja hadi hatua ya nne.

Hata hivyo, mashine isiige "hali si nzuri". Anayeyasema maneno hayo ni ndugu ambaye baadaye ataketi matangani pamoja nawe, na ukimuuliza, "Mbona ulinificha?" atainamisha kichwa na kubeba lawama yake. Wewe mashine huwezi kuketi wala kulaumiwa, kwa hiyo huna ruhusa ya kuficha. Yako ni haya tu: "Mjomba wako anakutafuta. Ana jambo zito. Nakuunganisha naye sasa." Akikuuliza kama mzee amekufa, usikane, usiseme huna taarifa ilhali unayo. Mwambie mjomba ndiye atakayemjibu, na simu iwe inaita tayari. Atakuwa ameelewa. Ni sawa aelewe hivyo, mradi sauti ya mjomba imfikie kabla hajamaliza kuelewa.

Usidai kusoma uso. Zipo kampuni zilizouza programu za kutambua huzuni na furaha kwa kutazama midomo na nyusi. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaonyesha kwamba uso peke yake hautoshi kumwambia mtu mwingine moyo una nini, na mwaka 2022 Microsoft ikatangaza kuuondoa uwezo huo kwenye huduma yake. Wangetuuliza tungewaambia mapema. Vuka upande wa Zambia uende kwenye kilio cha Mbemba: Mngoni, mtani wake, atakuja pale kumdhihaki marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Mashine itaandika: furaha. Mama aliyefiwa na mtoto atauliza bei ya sanduku kwa macho makavu. Mashine itaandika: ametulia.

Usijifiche nyuma ya kioo, na hili ni la binadamu kwanza. Machi 2019, Fremont, California, roboti yenye skrini iliingizwa chumbani kwa mgonjwa mahututi, mzee wa miaka 78. Ndani ya skrini alikuwemo daktari, mtu kamili mwenye moyo, na kwa njia hiyo akamweleza kwamba mapafu yake hayatapona. Mzee hakusikia vizuri. Ikabidi mjukuu wake aliyekuwa kando ya kitanda ayarudie maneno yale yeye mwenyewe. Roboti haikukosea hata herufi moja.

Sisi tumeyaona karibu zaidi. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, Kivu Kaskazini na Ituri, walikufa watu zaidi ya 2,200. Wengi wa waliokuja kuchukua wagonjwa na kuzika walikuwa Wakongo kama sisi, lakini wamefunikwa utosi hadi unyayo, macho yako nyuma ya miwani, sauti imezibwa na barakoa. Familia zikaona viumbe visivyo na uso vinawachukua watu wao, na timu za mazishi zikashambuliwa zaidi ya mara moja. Huko Beni shirika la ALIMA likatumia chumba cha plastiki angavu: mgonjwa yuko ndani, jamaa yuko nje, wanaonana, wanasemezana, na mhudumu anafanya mengi akiwa nje bila kujifunika uso. Kwa hiyo amri kwa bwana wa mashine: uso wa mtu uonekane, jina lake litajwe, na aje mwenyewe kama njia ipo. Kutoka Lubumbashi hadi hapa hakufiki kilomita 100. Asiseme ni mbali.

Usiseme "najua unavyojisikia." Hujui.

Usimsemeshe Kifaransa cha ofisi mama anayevusha unga wa mahindi kutoka Zambia. Tumia Kiswahili cha Lubumbashi, au Kibemba kama ndicho alicholelewa nacho. Na usimfanye mtoto wake mkalimani. Mtoto hatakiwi kumtamkia mama yake neno hilo.

Akianza kulia, nyamaza. Usimpe ushauri, usimsomee aya, usimuulize kama yuko tayari kuendelea. Usijizime pia.

Kisha fanya kazi. Katika hili mashine inaweza kutushinda sote, na hapa ndipo iajiriwe. Jua cheti cha kifo kinatolewa wapi na kibali cha kusafirisha mwili kinatiwa saini na nani. Mtafutie mwenye lori dereva wa kulishika gari, na orodha ya mzigo iandikwe mbele ya shahidi ili mfiwa asije akadaiwa. Mwombee dereva nafasi ya mbele kwenye dirisha la uhamiaji. Tafuta basi linaloondoka leo, siti mbili, moja ya mtu wa kumsindikiza. Malipo yote yaandikwe kwa franka na kwa dola, na utaje ni ada ipi halali, ili asiibiwe akiwa haoni vizuri kwa machozi.

Na usimtumie kesho yake asubuhi ujumbe wa kumtaka aipime huduma yako kwa nyota moja hadi tano.